Kilomita 700,000: kipimo cha Brussels, mtihani wa Kitonga

Wanaoagiza malori ya mtumba kutoka Ulaya hubishana kuhusu jina: Scania au DAF? Volvo au Mercedes-Benz? Swali hilo limepitwa na wakati, na sababu iko Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya.

Kanuni ya Umoja huo namba 595 ya mwaka 2009 ndiyo iliyoleta daraja la Euro VI. Inataka injini ya lori la zaidi ya tani 16 isivuke viwango vya moshi hadi itimize kilomita 700,000 au miaka 7, chochote kitakachotangulia. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Kilomita hizo 700,000 ni safari takriban 370 za kwenda na kurudi.

Kila kiwanda kimelazimika kufaulu mtihani huo huo, na injini zao zimekaribiana. Volvo D13, Scania DC13, DAF MX-13 na OM 471 ya Mercedes-Benz zote zina silinda 6 katika mstari mmoja na ujazo unaokaribia lita 13.

Kinachotofautisha malori sasa ni kizazi. Injini ya Euro III, daraja lililoanza mwaka 2000, kwa kawaida haina chujio la masizi wala haihitaji AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Euro VI, iliyokuwa lazima kwa malori yote mapya kuanzia 31 Desemba 2013, inahitaji vyote viwili, pamoja na dizeli safi. Ulaya inaruhusu miligramu 10 tu za salfa kwa kilo. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu 50. Salfa hudhoofisha mitambo ya kusafisha moshi, na kompyuta ikigundua hitilafu hupunguza nguvu. Hapo lori linaweza kukwama kwenye mlima Kitonga, katika barabara hiyo ya Tunduma, huku pistoni na ringi zake zikiwa nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, dai kumbukumbu za matengenezo. Mwambie fundi afungue kifuniko cha oili injini ikiwaka, aone kama inapumua, yaani inatoa moshi kwa nguvu. Hakikisha AdBlue na filta halisi zinapatikana kwenye njia yako. Jina lililoandikwa usoni mwa lori liwe swali la mwisho. Kitunze kikutunze.