Afya ya Mtu Mmoja na Afya ya Kijiji Kizima

Tufikiri juu ya mama mmoja wa kijiji kilicho ng'ambo ya mto Luama. Amemleta hospitali mtoto mwenye surua. Mwili wa mtoto unawaka moto, macho yake ni mekundu, na anapumua kwa shida. Wauguzi wanamtunza siku nane, naye anapona. Mama anashukuru, anarudi kwake. Baada ya majuma mawili anakuja tena, lakini sasa amembeba mtoto wake mwingine. Nyuma yake wako wanawake watatu wa kijiji kile kile, kila mmoja na mtoto mgongoni.

Je, hospitali ilifanya kazi yake? Ndiyo, ilimponya mtoto mmoja. Lakini surua haikuja yote hospitali. Ilibaki kijijini, ikipita nyumba kwa nyumba. Mtu mmoja hutibiwa kitandani, lakini kijiji hutibiwa kijijini. Hii ndiyo maana ya afya ya jamii. Tunataka kuieleza hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo haiwezi kufanywa na mganga peke yake.

1. Tafuta mahali ugonjwa unapokaa

Mwaka 1903 mganga Mwingereza, Joseph Dutton, alifika Kongo pamoja na mwenzake John Todd, mtu wa Kanada. Walitumwa na shule ya magonjwa ya nchi za joto iliyoko Liverpool. Walichunguza malale, na pia ile homa inayopanda siku chache, inashuka, halafu inarudi tena. Watu wa nchi hizi walikuwa wakimlaumu kimputu tangu zamani, yule mdudu ambaye watu wa pwani humwita papasi. Dutton na Todd walionyesha kwamba wenyeji walisema kweli. Kimputu huchukua vijidudu vya homa katika damu ya mgonjwa na kumpa mtu mwingine. Hata watoto wa kimputu waliozaliwa na mama mwenye vijidudu huweza kumwambukiza mtu.

Katika kazi hiyo wote wawili walishikwa na homa ile ile. Todd alipona. Dutton alikufa hapa Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Kijidudu cha homa hiyo kinaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Tunajifunza nini? Kimputu hujificha mchana katika nyufa za ukuta wa udongo na katika vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi kujificha. Mtu huamka asijue kama ameumwa. Basi, mgonjwa akitibiwa na kurudi kulala chini katika nyumba ile ile, homa itampata tena. Dawa inaponya mtu, haiponyi ukuta. Ukuta huponywa na mwenye nyumba: aizibe mitatuo kwa udongo laini, afagie, ainue kitanda na kukitenga na ukuta, na kulala ndani ya chandarua. Mwenye homa inayorudirudi, na zaidi mama mwenye mimba, aende kupimwa damu bila kungoja.

2. Huduma iwe karibu, na iwe ya wote

Tangu mwaka 1971 jina la Kasongo lilijulikana kwa jambo jingine. Waganga wa nchi yetu, iliyoitwa Zaire tangu mwaka ule, walishirikiana na walimu wa shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Antwerp, Ubelgiji. Swali lao lilikuwa hili: waganga ni wachache, watu ni wengi na wanakaa mbali, tufanye nini ili kila mtu atunzwe?

Hawakujibu kwa kujenga hospitali kubwa zaidi. Walifungua vituo vya afya, na kila kituo kikapewa watu wake wa kuwaangalia. Katika kituo kimoja mwuguzi hutibu wagonjwa, hupima mimba, hupima uzito wa watoto na kuwachanja. Mama hazungushwi kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Ugonjwa ukimshinda mwuguzi, anampeleka mgonjwa hospitali na barua. Naye akipona, hospitali inamrudisha na habari zake. Tena watu wa vijiji walichagua kamati zao, wakae pamoja na wauguzi na kusema yanayowasumbua.

Mwaka 1978, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Alma-Ata, nchi nyingi zilikubali kwamba afya ya msingi ianzie karibu na watu, nao watu washiriki. Kasongo walikuwa wamekwisha kuanza. Katika miaka ya 1980 nchi yetu iligawanywa katika zoni za afya 306, na sasa zimepita 500. Kasongo ni zoni, Kabambare ni zoni. Kila zoni ina hospitali yake na vituo vyake.

3. Hesabu watu wote, si wagonjwa tu

Watu wengine wanafikiri kwamba daftari la mwuguzi ni kazi ya karatasi tu. Sivyo. Tuchukue mfano wa kituo chenye watu 10,000. Katika nchi yetu, watu kama hao huzaa watoto karibu 400 kwa mwaka. Mwuguzi anafungua daftari la chanjo ya surua, anaona majina 250. Anaweza kufurahi kwa ajili ya hao 250. Lakini mwuguzi wa afya ya jamii anauliza: wale 150 wako wapi?

Hao hawakuja, na kwa sababu hawakuja, hakuna anayewaona. Labda wanakaa ng'ambo ya mto. Labda wazazi wao wamehamia kwenye dhahabu, kama kule Namoya. Labda mama aliwahi kuja siku ambayo chanjo imekwisha, akakata tamaa.

Tena, sindano moja ya surua katika umri wa miezi 9 huwakinga watoto karibu 85 katika 100. Basi kati ya wale 250, karibu 37 bado hawana kinga. Ukiwajumlisha na 150, unapata karibu 190 kwa mwaka mmoja. Baada ya miaka mitatu ni zaidi ya 550. Sasa moto umepata kuni. Mgonjwa mmoja wa surua huweza kuwaambukiza watu 12 hata 18 wasio na kinga, na pumzi yake hubaki katika chumba kama saa mbili baada ya yeye kutoka. Ndiyo sababu surua hutulia miaka michache, watu wakasahau, kisha hurudi kwa nguvu. Kati ya mwaka 2018 na 2020 ilienea katika mikoa yote ya Kongo, ikaua watu zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wadogo.

Ili surua isipate njia, yafaa watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara mbili. Usiseme, "Mtoto wangu amechanjwa, imetosha." Mtoto wa jirani yako asiyechanjwa ni mlango ulioachwa wazi katika kijiji chako. Na mtoto wako ambaye hajafika miezi 9 anakingwa pia na watoto wakubwa waliochanjwa wanaomzunguka.

4. Usitosheke na jambo moja

Wale waganga wa Kasongo waliwafuata watoto waliochanjwa surua na wengine wasiochanjwa, tangu miezi 7 hadi 35, wakatangaza habari zake mwaka 1981. Waliochanjwa walikufa wachache zaidi katika umri ule ambao surua huua sana. Lakini baadaye tofauti ilipungua. Waganga wale waliona kwamba mtoto dhaifu aliyeponea surua huweza kuchukuliwa na njaa, kuhara au homa ya mapafu.

Je, chanjo ni bure? Hapana. Uchunguzi wa baadaye katika nchi nyingine umeonyesha kwamba faida yake hudumu, maana surua huharibu kinga ya mtoto juu ya magonjwa mengine pia. Lakini onyo la Kasongo ni la kweli. Mtoto aliyekingwa na surua bado anahitaji maji safi, chakula kizuri, chandarua na choo. Ugali wa muhogo peke yake haumjengi. Mwongeze maharage, karanga, samaki, sombe na mafuta ya mawese.

5. Kazi yako wewe

Ninyi mnaokaa hapa mkingoja zamu yenu, mtakaporudi nyumbani mfanye haya:

Tazama karatasi ya chanjo ya kila mtoto. Kama ina nafasi tupu, uliza siku ya chanjo, na uulize pia juu ya sindano ya pili.

Hesabu watoto wa nyumba kumi zilizo karibu nawe. Yuko nani asiye na karatasi? Mtembelee mama yake, usimkemee. Jitolee kufuatana naye.

Ukiona mtoto mwenye homa, macho mekundu na vipele, mpe mwuguzi habari siku ile ile, hata kama si mtoto wako. Usimfiche. Usimnyime maji wala chakula. Mpeleke kituoni apewe vitamini A.

Katika kamati ya afya chagueni pia akina mama na watu wa vijiji vya mbali, kwa kuwa wao wanajua ni nani asiyefika.

Tumrudie yule mama wa ng'ambo ya Luama. Kama siku ya kwanza mtu angalimwuliza, "Nyumbani umeacha watoto wangapi, na jirani zako je?", mwuguzi angalivuka mto na sanduku la chanjo siku ile ile. Labda wale wanawake watatu wasingalikuja.

Maswali ya kuzungumza pamoja

Katika kijiji chenu, ni watu gani wasiofika kituoni, na kwa sababu gani?
Ni ugonjwa gani unaorudi kila mwaka, nao unakaa wapi?
Ni nani atakayekwenda kuwatazama, na siku gani?