Uhamisho wa Askari na Shule ya Mtoto

Askari wetu wa JWTZ huamriwa kuhama, tuseme kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Wengi hutafuta nyumba kwanza, shule wakaiachia bahati. Ndugu Waislamu, mtoto ni amana, hafungashwi pamoja na masanduku.

Tunanasihi mzazi aulize mapema: Je, shule hiyo inaye mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, somo linalotahiniwa Kidato cha Nne? Madrasa iko umbali gani? Na aliyekwisha kusajiliwa kwa mtihani wa Novemba, si bora abaki kwa ami yake mpaka amalize? Kutengana miezi michache kunauma, lakini kumpotezea mtoto mwaka mzima kunauma zaidi. Mama naye ashauriwe, kwani baba akiwa kambini, ndiye mchunga nyumbani.

Wallahu a'lam.