Helikopta ya vita: inaona nini, na haioni nini?



Helikopta ya vita ikipita juu ya kambi, watoto wanatoka nje kuitazama na wazee wanatafuta mahali pa kujificha. Wengine wanasema mashine ile inaona kila kitu, hata ndani ya nyumba. Wengine wanasema inapiga ovyo tu. Yote mawili si kweli. Tuchukue mfano mmoja ambao watu wa Rutshuru waliuona kwa macho yao: Rooivalk ya Afrika ya Kusini.

Kazi ya kuitengeneza ilianza mwaka 1984. Wakati ule serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa ikipigana Angola, na tangu 1977 Umoja wa Mataifa ulikuwa umekataza nchi zote kuiuzia silaha. Basi wahandisi wake wakaamua kujitengenezea, wakianza na vyombo vya Puma, helikopta ya Kifaransa ya kubeba askari ambayo jeshi lao lilikuwa nayo tayari. Wakaipa jina la ndege mdogo mwindaji, yule anayetulia hewani akitafuta panya majanini. Iliruka mara ya kwanza Februari 1990, mwezi uleule Nelson Mandela alipotoka gerezani. Vita iliyotengenezewa, kwa upande wa Afrika ya Kusini, vilikuwa vimekwisha. Wakatafuta wanunuzi nchi nyingine, wasipate hata mmoja. Jeshi lao la anga lilipokea 12 tu, kuanzia 1999.

Mapigano yake ya kwanza yalikuwa hapa kwetu. Machi 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio 2098, liliunda ndani ya MONUSCO brigedi ya kuingilia kati yenye askari wa Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi. Tarehe 4 Novemba mwaka ule Rooivalk zilipiga roketi kwenye ngome ya M23 kilimani Chanzu. Siku iliyofuata M23 ikatangaza kuacha vita, na wengi wakasema helikopta ndiyo iliyomaliza kazi. Haikuwa peke yake: askari wa FARDC walipanda vilima vile kwa miguu, na mataifa ya nje yalikuwa yakishinikiza. Tena haikumaliza. Novemba 2021 M23 ilianza vita upya, na Januari 2025 ikaingia Goma.

Sasa uwezo wake. Ndani wanakaa watu wawili, mmoja nyuma ya mwingine: wa mbele anashughulika na silaha, wa nyuma anaendesha. Inakwenda karibu kilomita 280 kwa saa. Kutoka Goma mpaka Rutshuru, njia ambayo mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani anaikata kwa siku mbili au tatu, kwake ni robo saa. Chini ya pua kuna mzinga wa milimita 20 unaogeuka kufuata kofia ya mpigaji. Akitazama kulia, nao unatazama kulia. Mabawani kuna roketi za milimita 70. Hizo haziongozwi. Zikishatoka hakuna wa kuzirekebisha, nazo hutawanyika.

Ina pia kamera inayotambua joto, usiku na mchana. Haipenyi ukuta wa udongo wala bati. Inaweza kuonyesha kwamba watu watano wametembea chini ya miti. Haiwezi kuonyesha kama ni wapiganaji au ni akina mama wanaorudi kuokota kuni. Hilo anaamua mtu, kwa dakika chache, akiwa mbali, kwa kutegemea habari alizopewa kabla ya kuruka.

Ndiyo maana tunawaomba wakuu wa kambi wasichoke kukataa silaha ndani ya kambi, hata kama mwenye bunduki ni mtoto wa ndugu yao na anataka kulala usiku mmoja tu. Mapatano ya Kampala ya 2009 yanakataza makundi yenye silaha kujipenyeza mahali wanapokaa waliohama makwao. Tunajua si rahisi kumwambia hivyo mtu aliyeshika bunduki, tena usiku. Mkuu asiende peke yake. Aende na wazee, na watu wa dini kama wapo.

Jambo la mwisho ni la wale wanaorudi mashambani. Si kila roketi hulipuka inapoanguka. Unene wake ni kama wa chupa ya soda, na mtoto anaweza kuidhani chuma cha kuuza. Ukiiona, usiiguse, usiitupie jiwe, usichome majani karibu nayo. Rudi kwa njia uliyojia, weka alama ya matawi mbali nayo, kisha mwambie mkuu wa kijiji ili awaite waondoaji wa mabomu. Na watoto waonyeshwe alama ile kabla ya kutumwa kuchota maji.