Ridhaa Yenye Uzito wa Miaka 7

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hutajwa sana, husomwa mara chache. Wengi wanajua kwamba kinaharamisha ngono "kinyume na maumbile", na kwamba adhabu yake hufika miaka 14. Mkia wake, ulioongezwa mwaka 2003, ndio unaosumbua akili. Unasema aliyetenda bila ridhaa ya mwenzake, au kwa ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, vitisho, hofu ya kuumizwa au hadaa kuhusu kitendo chenyewe, anaweza kufungwa miaka 21. Kumbe sheria inaijua ridhaa, tena imeichambua kwa makini, kisha ikaipa uzito wa miaka 7 tu. Wanaume wawili waliokubaliana na yule aliyembaka mwenzake wametiwa kapu moja.

Halafu kuna aya ya (c), inayomtia hatiani hata mwanamume aliyemruhusu mwenzake. Chukua kijana aliyelazimishwa na mpenzi wake. Kituoni, kabla ya kupewa P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, ataulizwa aliyemtenda ni nani, na alifikaje chumbani kwa mtu huyo. Kila jibu linaloonyesha kwamba walipendana, kwamba juzi alikubali, linamtoa kwenye kiti cha mlalamikaji na kumsogeza kwenye cha mshtakiwa. Mbakaji analijua hilo vizuri. "Nenda karipoti" kinywani mwake ni tishio.

Watetezi wa kifungu watasema Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamlinda kila mtu. Kwenye karatasi, ni kweli: haibagui jinsia, na inataka ridhaa iwe ya hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Uhuru gani, basi, alio nao mtu ambaye akikataa ataanikwa kwa wazazi, mwenye nyumba na mwajiri? Wakili Eric Gitari alifika Mahakama Kuu Nairobi mwaka 2016 na hoja ya jirani: kwamba kifungu hiki huwaacha watu wakitishwa, wakitozwa pesa na kupigwa, bila pa kushtakia. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu waliikataa kesi, wakaona ushahidi hautoshi. Ungetoka wapi, ikiwa kuutoa ni kujishtaki? Ridhaa hata serikali yenyewe iliipuuza: iliwapima kwa nguvu sehemu ya haja kubwa wanaume wawili waliokamatwa Ukunda mwaka 2015. Mahakama Kuu ikasema waliridhia, wakiwa mikononi mwa polisi! Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo Machi 2018.

Pingamizi zito ni jingine: kulazimishana hakukuletwa na sheria. Wapo wanaodai mwili wa mwenzao kwa kuwa ndio walipa kodi ya nyumba, au wanaoamini mwanamume habakwi. Uingereza haina kifungu kama hiki, na bado Reynhard Sinaga alitiwa hatiani Manchester, uamuzi ukatangazwa Januari 2020, kwa makosa ya kingono dhidi ya wanaume 48. Ila huko waathiriwa walitoa ushahidi bila kuogopa kufungwa wao. Na yule anayeishi kwa kodi ya mwenzake, sheria ipi itapima hiari yake?

Bunge linaweza kuanza kwa kuifuta aya ya (c). Kwa sasa, aliyelazimishwa aende hospitali kwanza: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na matibabu hayasubiri P3.