Baada ya Daraja la Kigongo: Mwenyeji amepona?

Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua rasmi Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Dereva wa lori la Geita aliyezoea kupanga foleni Kigongo saa mbili na zaidi, akala, akasinzia na kuamka kivuko bado hakijarudi, sasa anavuka kilomita 3 za Ghuba ya Mwanza kwa dakika zisizozidi tano. Mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Bugando kutoka Sengerema hasubiri tena zamu ya kivuko.

Jiwe la msingi liliwekwa na Hayati Rais John Magufuli Desemba 7, 2019, na kazi ikaanza Februari 2020. Gharama imepita shilingi bilioni 700, fedha za Serikali ya Tanzania yenyewe. Kandarasi, chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ilishikwa kwa ubia na kampuni mbili za China: China Civil Engineering Construction Corporation na China Railway 15th Bureau Group. Wahandisi washauri waliosimamia walitoka Korea Kusini. Watanzania walijaa saitini: wahandisi vijana, mafundi nondo, wachomeleaji, waendesha mitambo, vibarua. Kandarasi yenyewe, hata hivyo, haikuwa yao.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, amejenga, na amejenga vizuri. Sasa ni haki kuuliza habari za mwenyeji, yaani kampuni ya ujenzi yenye ofisi Mwanza, Misungwi au Geita, inayoishi kwa barabara, makalavati na mitaro ya kanda hii. Amepona kiasi gani? Jibu langu ni kwamba ujuzi anao, na sheria imeanza kumfungulia mlango. Kinachomlaza kitandani ni malipo yanayochelewa, na upweke wa kila kampuni kupambana kivyake.

Kazi isiyokatiwa utepe

Daraja kubwa hukatiwa utepe. Kalavati halikatiwi, ingawa likibebwa na maji, gunia la mpunga haliifikii barabara kuu ya kwenda darajani. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017, na hapo ndipo makandarasi wadogo wa kanda ya ziwa wanapopatia riziki. Wanachonga barabara kwa greda, wanamwaga changarawe na kuishindilia, wanalaza makalavati, wanazibua mitaro kabla ya mvua za vuli na kurudia kabla ya masika.

Mwanza mjini kazi hiyo ina ugumu wake. Huu ni mji wa mawe, na nyumba zimepanda milima hadi kileleni. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwa kasi na mchanga, kokoto na taka, yakielekea Mto Mirongo na ziwani. Kwenye miteremko hiyo lami nyembamba haidumu. Ndiyo maana barabara za mawe zimefaa: fundi anachonga jiwe la hapohapo, vijana wa mtaa wanapanga, na sehemu kubwa ya fedha ya mradi inabaki mtaani kama ujira badala ya kwenda kununua lami. TARURA imeeneza pia madaraja madogo ya mawe yenye matao, ambayo yalianza kushika kasi Kigoma na yanatumia nondo kidogo au hayatumii kabisa. Kwa kampuni ndogo hii ni biashara inayowezekana, kwa sababu malighafi imelala mlimani na mafundi wapo.

Kisheria, kila kampuni ya namna hii husajiliwa na Bodi ya Usajili ya Makandarasi (CRB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa ujenzi wamepangwa kwa madaraja saba: la saba ni la anayeanza, na la kwanza halina kikomo cha thamani ya kazi. Ukiingia ofisi ya kampuni ya madaraja ya chini utakuta watu wachache: mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili ya Wahandisi (ERB), fundi sanifu, msimamizi wa saiti, mhasibu. Greda mara nyingi ni la kukodi. Vibarua huajiriwa palepale kazi ilipo, na mama lishe hufuata na masufuria yake. Kandarasi moja ndogo hulisha nyumba nyingi.

Mchemraba hausemi uongo

Katika biashara hii uaminifu unapimika. Zege linapomwagwa, sehemu yake hujazwa kwenye visanduku vya chuma vyenye pande za sentimita 15. Michemraba hiyo hulowekwa majini, kisha hupelekwa maabara kuvunjwa kwa mashine, mingine baada ya siku 7, mingine baada ya siku 28. Aliyepunguza saruji, aliyezidisha maji ili zege limwagike upesi, aliyechanganya mchanga wenye udongo: wote wanaonekana. Na zikishatimu siku 28, kosa limeshakauka ndani ya ukuta wa kalavati, na kulivunja ni gharama yake mwenyewe.

Vishawishi vipo. Mifuko michache ya saruji ikiondolewa kwenye kila mita ya mtaro hakuna mpita njia atakayejua, mpaka mvua ya tatu. Mhandisi wa Tanzania hula kiapo cha taaluma mbele ya wenzake, na muhuri wake kwenye mchoro ni jina lake mwenyewe. Lakini kwa kampuni ya nyumbani kuna kiapo kingine kisichoandikwa. Mkandarasi wa mbali hufunga kambi akaondoka. Mwenyeji atapita juu ya kalavati lake kila msimu, akienda msibani, harusini, sokoni. Watoto wake watalivuka wakienda shule. Likibomoka, watu wanajua nyumba yake ilipo. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kampuni ya nyumbani, na haiandikwi kwenye zabuni yoyote.

Hesabu inayoua kampuni

Chukua mfano. Kampuni imeshinda kandarasi ya shilingi milioni 600. Mteja anataka dhamana ya utekelezaji ya asilimia 10, yaani milioni 60. Benki nayo, kabla ya kuitoa, inataka hati ya nyumba. Malipo ya awali yanapatikana, lakini yanadai dhamana yake pia. Wakati huohuo dizeli hulipwa taslimu, saruji hulipwa taslimu, na kibarua anataka chake Jumamosi jioni, kwa haki kabisa.

Kazi inafika katikati. Inapimwa, cheti cha malipo cha milioni 200 kinaandikwa. Tuseme faida ya kampuni ndani ya fedha hiyo ni asilimia 10, yaani milioni 20. Sasa malipo yachelewe miezi sita, na kampuni iwe imeendesha kazi kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya miezi hiyo sita kwa milioni 200 ni milioni 18. Katika faida ya milioni 20, zimebaki 2. Kampuni imefanya kazi nzuri, michemraba imefaulu, na mwenye kampuni amerudi nyumbani mikono mitupu.

Mikataba hutoa haki ya kudai riba malipo yanapochelewa. Mkandarasi mdogo huogopa kuidai, kwa sababu mteja wa leo ndiye mteja wa kesho. Ndipo makosa mengine yanapozaliwa: kampuni yenye njaa inaomba zabuni kwa bei isiyotosha hata gharama, inashinda, kisha inatafuta faida ndani ya mfuko wa saruji. Anayelipa ni mwananchi, mvua ikija.

Mlango umefunguliwa

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake za 2024 zimetenga kazi za ujenzi zenye thamani isiyozidi shilingi bilioni 50 kwa makandarasi wazawa. Zabuni sasa hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambako kampuni ya Misungwi huliona tangazo saa ileile na kampuni ya Dar es Salaam. CRB nayo ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi kupata dhamana.

Lakini fursa ya bilioni 50 haimfai mwenye mtaji wa milioni 50 akiwa peke yake. Hapa lawama inawarudia makandarasi wenyewe. Wengi wanapenda kuwa wakurugenzi wa kampuni ndogo kuliko kuwa wabia wa kampuni kubwa. Wachina waliojenga Kigongo walikuwa kampuni mbili zilizoungana. Kama wao, pamoja na mitaji yao, waliona haja ya kubebana, sisi tunasubiri nini?

Wakorea waliosimamia daraja letu wana historia inayotufundisha. Mwaka 1965 kampuni ya ujenzi ya Hyundai ilishinda kandarasi ya kwanza ya nje, barabara kuu ya Pattani hadi Narathiwat huko Thailand. Ilipata hasara. Haikuwa na uzoefu wa mitambo wala wa mvua za kule. Iliimaliza kazi hata hivyo, na ujuzi ulioununua kwa hasara hiyo ukaenda kujenga barabara ya kasi ya Seoul hadi Busan, kilomita 428, iliyofunguliwa mwaka 1970. Taifa lao lilikubali kuwapa kazi, nao wakakubali kujifunza.

Kwa makandarasi wa kanda ya ziwa, watafuteni vijana waliotoka saiti ya Kigongo. Wamefunga nondo za daraja refu, wamemwaga zege juu ya maji, wameishi na nidhamu ya mradi mkubwa kwa miaka mitano. Wasiishie kuendesha bodaboda. Unganeni, tunzeni hesabu, ombeni kwa bei ya kweli. Kwa wenye mamlaka ya kulipa, kila kijiji kinachotegemea daraja lile kinategemea pia kalavati lililo nyuma yake, na anayelijenga anawategemea ninyi. Kazi ikishapimwa na kukubaliwa, deni ni deni. Kama mezani kwako kipo cheti cha malipo kilichokaa toka mwezi jana, kabla ya kugeuza ukurasa huu, kitie saini.