Mbwa akivunja kila banda, usikimbilie kununua mbao nyingine

Katika miji ya ukanda wa dhahabu kama Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, mbwa ndiye mlinzi wa nyumba nyingi. Baba yuko machimboni, mama yuko shambani au sokoni, watoto wako shuleni, na mali yote iko mikononi mwa mbwa. Mchana anafungiwa bandani ili usiku awe mkali.

Kuna mbwa wengine hawakubali. Banda la mbao anatafuna kona hadi anatoka. Ukiweka bati, analikunja kwa makucha. Ukiweka kufuli, anachimba chini. Jirani analalamika kuhusu kuku wake, na wewe unabaki na hofu moja kubwa kuliko kuku: watoto wanaopita njiani kwenda shule.

Wazazi wengi hudhani dawa ni banda gumu zaidi au fimbo. Kabla hujamwita fundi, jiulize kwanza mbwa huyo anakimbia nini.

Kwa nini anavunja?

Sababu ya kwanza ni upweke. Mbwa ni mnyama wa kundi, na familia yako ndiyo kundi lake. Wako wanaopatwa na hofu kali wakiachwa peke yao au wakibanwa mahali padogo. Mbwa wa aina hii huanza kubweka, kutoa mate na kukwangua mlango muda mfupi tu baada ya wenye nyumba kuondoka. Huuma chuma hadi meno yanavunjika na ufizi unatoka damu. Huo si ukaidi, na ukimchapa unamwongezea hofu.

Sababu ya pili ni kukosa kazi. Mbwa kijana mwenye nguvu akifungiwa saa kumi na mbili bila kukimbia, nguvu zake zote zitaishia kwenye mbao.

Ya tatu ni jike lenye joto mtaani. Dume ambaye hajahasiwa atafanya kila njia kumfuata. Kumhasi hupunguza sana tabia hiyo ya kuzurura.

Ya nne ni mateso ya kawaida kabisa: jua, kiu na njaa. Banda la bati lisilo na kivuli wala upepo ni kama tanuri ifikapo saa saba mchana. Hapo hata mbwa mtulivu atatafuta pa kutokea. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, awe wa kufugwa kwa ulinzi au kwa chakula.

Akianza ghafla, kaa mbali

Hapa mzazi awe makini. Mbwa aliyekuwa mpole siku zote, kisha ghafla akaanza kung'ata mbao, mawe au minyororo, sauti ikabadilika, mate yakamtoka na akashindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Usiingie bandani kumtuliza wala usimruhusu mtoto ampelekee maji. Waondoe watoto, funga geti, na umpigie simu afisa mifugo wa kata au mtendaji wa kijiji.

Mfundishe kupenda banda

Kama ni mzima, anza upya taratibu. Mpe chakula chake ndani ya banda huku mlango ukiwa wazi, kwa siku kadhaa. Kisha funga mlango kwa dakika chache ukiwa karibu, na umfungulie akiwa bado ametulia. Ongeza muda kidogo kidogo. Ukiona anaanza kuhangaika, rudi nyuma hatua moja.

Asubuhi, kabla hamjatawanyika, mtembeze kwa kamba hadi achoke. Mwachie mfupa mbichi mkubwa wa kuguguna na maji kwenye chombo kizito asichoweza kupindua. Akibaki mtu mzima nyumbani, afunguliwe ndani ya uzio kwa muda.

Banda lenyewe

Mbwa hapasui ukuta katikati. Hutafuta ukingo wa kushika kwa meno. Kwa hiyo kingo za mbao zifunikwe kwa chuma upande wa ndani, au tumia matofali ya kuchoma hadi kiunoni na nondo juu yake. Nafasi kati ya nondo na nondo isitoshe kupitisha kichwa. Sakafu iwe ya zege. Kama huna uwezo wa zege, fukia mawe makubwa au wavu mzito kuzunguka ukuta wote.

Mlango ufungukie ndani, maana mbwa akiusukuma kutoka ndani anaubana badala ya kuufungua. Weka makomeo mawili, la juu na la chini. Liezekwe, kwa sababu wengine hupanda. Liwe chini ya mti, na liwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha.

Chanjo haisubiri banda

Hata banda zuri huachwa wazi siku moja. Kwa hiyo mbwa achanjwe dhidi ya kichaa tangu akiwa na umri wa miezi mitatu, na arudiwe kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto chini ya miaka 15.

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta wala udongo. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo apate chanjo, hata kidonda kikiwa kidogo. Usingoje dalili, kwani zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Mwambie pia mtoto asiogope kusema. Wengi huficha kwa sababu walikatazwa kumchokoza mbwa, na ukali wetu ndio unaowafunga mdomo.

Na mbwa aliyeng'ata, kama anaweza kufungiwa bila kuhatarisha mtu, asiuawe papo hapo. Mtaalamu wa mifugo humwangalia kwa siku 10. Akiwa hai na mzima hadi mwisho wa siku hizo, hakuwa akiambukiza kichaa siku alipong'ata. Lakini siku hizo 10 zinahitaji banda ambalo mbwa hawezi kulivunja, na banda hilo linajengwa kabla ya ajali kutokea.