Deni lako Kibondo, akiba yako Kasulu: benki inaweza kuikata?

Swali hili huwajia watu wakati wa mavuno. Umeuza maharage, mnunuzi amekulipa kupitia benki au simu, ukitazama salio unakuta pungufu. Hakuna aliyekuibia. Benki, au mtandao wa simu, umejilipa deni lako.

Msikilizaji, je, wanaruhusiwa? Kwa kifupi, mara nyingi ndiyo, tena bila kwenda mahakamani. Ila haki hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo wengi hawaijui.

Tuanze na fedha yenyewe. Wengi wetu tunaamini kuweka fedha benki ni kama kuweka gunia la mahindi kwenye ghala la jirani: gunia linabaki lako, yeye analilinda tu. Kisheria sivyo. Ukiweka fedha, ni kama umeikopesha benki, nayo inadaiwa na wewe. Sasa ukikopa benki hiyo hiyo, kila mmoja anamdai mwenzake, na benki inaweza kupunguza deni moja kwa lingine. Huko ndiko kunakoitwa kufidia deni.

Tuseme ulikopa tawi la Kibondo, na marejesho ya shilingi 150,000 yamepita tarehe. Akiba yako ya shilingi 320,000 iko tawi la Kasulu, benki ile ile. Usidhani umbali utakuokoa. Benki ni moja, matawi ni milango tu. Mwaka 1872 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba benki inaweza kuunganisha akaunti za mteja zilizo matawi mawili bila hata kumtaarifu kwanza, na sheria zetu za mambo ya benki zimerithi mengi kutoka huko. Kesho yake utakuta Kasulu 170,000.

Wenzetu wengine wameweka uzio. Marekani, tangu miaka ya 1970, sheria inaizuia benki kuchukua tu akiba ya mteja kulipia deni la kadi ya mkopo, isipokuwa mteja mwenyewe amekubali kwa maandishi kukatwa kwa utaratibu maalumu. Huku kwetu kadi za namna hiyo ni chache. Deni letu liko kwenye mkopo wa kilimo, mkopo wa mshahara wa mwalimu au muuguzi, na zaidi ya yote, kwenye simu.

Simu ndiyo yenye kuwashangaza wengi. Huduma kama Songesha ya Vodacom hukuongezea fedha pale salio lisipotosha kukamilisha muamala. Ni msaada mzuri usiku ukiwa na mgonjwa. Lakini fedha yoyote itakayoingia baadaye kwenye laini ile hukatwa deni kwanza pamoja na ada yake, iwe ni malipo ya maharage au nauli ambayo mtoto katumiwa na shangazi yake. Mfumo hauulizi fedha ni ya nini. M-Pawa, iliyoanza mwaka 2014, ni akiba na mkopo chini ya benki moja, kwa hiyo hesabu ile ile ya kufidia inaingia humo pia. Kabla ya kumpa mnunuzi namba yako, angalia kwanza laini hiyo inadaiwa kiasi gani. Si kukimbia deni, ni kujua utabaki na ngapi ya kununulia mbegu.

Sasa mipaka. Deni liwe limefika siku yake ya kulipwa; mkopo ambao rejesho lake ni mwezi ujao haukatwi leo, labda mkataba unasema ukikosa rejesho moja deni lote linadaiwa papo hapo. Sentensi hiyo imo kwenye mikataba mingi, itafute kabla ya kutia dole gumba. Pia mdaiwa na mwenye akiba wawe mtu yule yule. Deni la mume peke yake halipaswi kulipwa kwa akaunti ya mke, wala kwa akaunti ya pamoja, kama hakuna mahali mke alipokubali hivyo.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ya vikundi. Vikundi vingi vya VICOBA huweka fedha kwenye akaunti au laini ya mweka hazina, kwa kuwa anaaminika. Na kweli anaaminika. Tatizo si uaminifu wake. Benki inaona jina lake tu, haina habari kwamba fedha ni ya akina mama thelathini. Akiwa na deni lake binafsi, akiba ya kikundi inaweza kukatwa hata yeye akiwa amelala, na kuirudisha ni safari ndefu ya kuthibitisha kwamba haikuwa yake. Kikundi kifungue akaunti kwa jina la kikundi, yenye watia saini zaidi ya mmoja, au kitumie huduma ya vikundi kama M-Koba.

Kwenye SACCOS mambo ni tofauti kidogo. Huko akiba yako ndiyo dhamana ya mkopo tangu mwanzo, na ukimdhamini mwenzako, akiba yako inaweza kushikiliwa mpaka amalize. Kumdhamini ndugu ni kuweka akiba yako rehani, hata kama siku hiyo hukutoa shilingi.

Na yule mkopeshaji wa kausha damu anayebaki na kadi yako ya benki na namba ya siri? Huyo si benki na kufidia deni hakumhusu. Ukimpa namba ya siri umevunja masharti ya benki yako, na akitoa zaidi ya deni utapata shida kubwa kudai.

Ukiona umekatwa usivyoelewa, nenda tawini ukaombe taarifa ya akaunti na nakala ya mkataba, kisha uliza wamekata kwa kifungu kipi. Andika malalamiko na ubaki na nakala yenye muhuri. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinataka lalamiko lianzie kwa mtoa huduma mwenyewe. Usiporidhika na jibu lake, lipeleke Benki Kuu ya Tanzania ukiambatisha nakala hizo.